Mwalimu Aliyesubiri Mkono wa Pili

Ukimwuliza Mwalimu wa Sayansi ni saa ngapi, hakukujibu kama watu wengine. Angetazama saa yake ya mkono, angeitikisa kidogo karibu na sikio, kisha angesema, "Saa nne na dakika ishirini, ongeza tatu au punguza tatu." Ukimwuliza ana watoto wangapi, alisema wanne, halafu akanyamaza, na ungemwona kabisa anapambana na nafsi yake asiongeze kitu. Sisi wanafunzi wake pale Kanazi tulimwita Takriban, nyuma ya mgongo wake bila shaka, maana fimbo yake haikuwa na takriban yoyote.

Mkewe, mwanamke mcheshi aliyependa kutusimulia mambo ya nyumbani kwake tukikutana kisimani, alikuwa akisema, "Siku moja tu katika maisha yake alijibu bila kuongeza wala kupunguza, nayo ni pale mbele ya padri. Nikajua huyu ananipenda kweli."

Niseme mapema, nisije nikawachekesha mpaka nikasahau: mtu huyu nilimchukia, kwa muda wa asubuhi moja, na chanzo kilikuwa kaka yangu. Kaka alikwenda na mgambo wa kijiji chetu kwenye vita ya Kagera, na hakurudi. Waliokufa, familia zao ziliambiwa. Waliorudi tuliwaona kwa macho. Yeye hakuwa kwenye orodha yoyote. Sasa kwetu sisi Wakatoliki, ukikaribia mwezi wa Novemba kila nyumba huandika majina ya marehemu wake kwenye karatasi na kuyapeleka kanisani yaombewe, na Mama alikuwa na desturi ya kuandikisha karatasi ya pili, ya wazima, kwa shukrani. Basi alikuwa na karatasi mbili na mtoto mmoja ambaye Mama hakujua amweke wapi. Akimwandika kwa marehemu, ni kama amemuua kwa mkono wake. Akimwandika kwa wazima, na kumbe amekufa, basi huko aliko hakuna anayemwombea. Mama hakujua kusoma, mwandishi nilikuwa mimi, na kila mwaka tulipofika kwenye jina la kaka alisema, "Acha kwanza."

Na mtu aliyemwendea kumwuliza habari za mwanawe hakuwa padri wala mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa Mwalimu wa Sayansi, kwa sababu moja tu: alikuwa hawezi kusema kitu asichokuwa na hakika nacho. Hiyo ilikuwa sifa yake, na ndiyo iliyokuwa ikituudhi.

Alikuwa amekaa Ulaya miaka kadhaa kabla hajaitikia wito wa kurudi kujenga nchi. Kijijini kulikuwa na hadithi za kila namna kuhusu alichofanya huko. Wengine walisema alikuwa daktari wa umeme, wengine walisema alitengeneza mabomu. Yeye mwenyewe alisema, "Nilikuwa naosha vioo." Na ilikuwa kweli, kwa kadiri kweli yake ilivyokuwa. Hakuwa profesa, alikuwa fundi. Kulikuwa na mashine kubwa ya mviringo, alitueleza, ambamo elektroni zinakimbizwa upande huu na chembe zilizo kinyume chake zinakimbizwa upande ule, kwa mbio zisizosemeka, kisha zinagonganishwa uso kwa uso. (Yeye alisema "erektroni", na sisi tukaandika hivyo kwenye madaftari mpaka mkaguzi alipokuja.) Pale zinapogongana hutoka vitu vipya vinavyoruka kila upande, na kazi ya akina Mwalimu ilikuwa kuvizunguka vitu hivyo kwa vipimo ili kujua ni nini kimetoka na kimetoka na nguvu gani.

Vioo alivyoosha vilikuwa matofali ya kioo kilichochanganywa na madini ya risasi. Alirudi na tofali moja lililovunjika kona, ambalo wenzake walitaka kulitupa. Ukilitazama ni maji matupu. Ukilinyanyua, mkono unashuka. Alilileta darasani limefungwa kwenye fulana, tukapokezana, na mmoja wetu akauliza kama linaliwa. Nyumbani mkewe alilitumia kukandamizia muhogo uliovundikwa, na huo ulikuwa ugomvi wao wa kudumu. "Hiki kioo kimepima mwanga wa mwanzo wa dunia," Mwalimu alikuwa akilalamika. "Basi kimestaafu," mkewe alikuwa akijibu, "sasa kinapima muhogo."

Jinsi alivyotufundisha tofauti ya elektroni na fotoni, yaani ile chembe ya mwanga, sijaisahau mpaka leo. Alisema hivi: wanakuja kwako wageni wawili. Mmoja amepitia kwenye tope, ameacha nyayo. Mwingine amepitia kwenye nyasi, hakuacha kitu. Wote wawili wanaingia ndani na wote wawili wanakula ugali. Ukitaka kujua njaa yao, usiwaulize, pima ugali uliobaki. Ukitaka kujua yupi ni yupi, toka nje utazame tope. Elektroni ndiye wa tope, kwa sababu ana chaji na hawezi kupita mahali bila kuvuruga. Fotoni ndiye wa nyasi. Wakishafika kwenye kioo kile kizito, wote wawili hupasuka wakawa mvua ya vichembe, kioo kinawaka kidogo, na kwa kupima ule mwanga unajua mgeni alikuja na nguvu kiasi gani. Tulielewa kabisa. Mwenzetu mmoja alielewa zaidi, akaenda kwao akapima ugali uliobaki baada ya mjomba wake kula, akachapwa.

Kila asubuhi kabla ya kipindi alikuwa na ibada yake. Alitoa jiwe kwenye mfuko wa suruali, la ukubwa wa yai, akaliweka kwenye mizani, akasoma, akaandika. Jiwe lile lile, miaka yote. Tulimcheka sana. Je, alitegemea jiwe linenepe? Siku moja nikajitia ujasiri nikamwuliza. Akasema, "Silipimi jiwe, binti. Jiwe nalijua. Naipima mizani, kama leo imeamka na akili zake." Kule Ulaya, alisema, walifanya vivyo hivyo. Kabla ya kuamini kioo juu ya mgeni usiyemjua, unakipelekea kwanza mgeni unayemjua, uone kitasema nini. Kioo kinaweza kuchoka, kikawa cha manjano, kikaona kidogo kuliko jana, na hakitakuambia.

Huo ukali wake wa vipimo haukumpa marafiki wengi. Mwenyekiti wa kijiji alimwomba apime shamba la ujamaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kamba yenye alama. Akapima siku tatu. Mwenyekiti alikuwa ameshapeleka wilayani habari ya ekari arobaini, Mwalimu akaleta ishirini na saba, ongeza moja au punguza moja. Mwenyekiti akamwomba aongeze, maana mwenyewe ameandika kuwa kuna kuongeza. "Moja," Mwalimu akasema. "Kumi na tatu sikuandika." Hawakusalimiana mpaka Pasaka.

Sasa nifike kwenye mirija. Alikuwa amekuja na mirija miwili ya shaba, kila mmoja urefu wa rula, iliyozibwa ncha zote mbili. Akaiunganisha na koili ya lori bovu na betri za redio, akaweka mmoja juu ya mwingine kwenye meza ya darasa la saba, na kila mmoja akautolea waya hadi kwenye kisikizio cha simu ya zamani. Ukiweka kisikizio sikioni unasikia tk, kisha kimya, kisha tk tk, bila mpangilio wowote. Alituambia kwamba mrija mmoja ukilia peke yake si habari. Unaweza kulia kwa ajili ya unyevu, au betri, au kijichembe kutoka kwenye mawe ya ukuta. Lakini huko juu angani kuna chembe zinazoshuka mchana na usiku, zinatupita sisi na paa la shule na kila kitu. Chembe ya namna hiyo ikipita kwenye mrija wa juu itapita na wa chini, na yote miwili italia kwa pamoja. Hiyo ndiyo aliyoitaka.

Ulaya kulikuwa na sanduku la umeme la kuamua kama milio miwili imetukia kwa pamoja. Kanazi sanduku hilo lilikuwa mimi na kaka yangu. Kaka alikuwa darasa la saba, maana alianza shule akiwa mkubwa, mimi la tano. Baada ya masomo tulikaa kila mtu na kisikizio chake, na ukisikia tk unainua mkono. Mkono mmoja, Mwalimu hakufanya kitu. Mikono miwili kwa wakati mmoja, aliandika mstari kwenye daftari. Alitaka kuendelea hivyo mvua mbili na viangazi viwili, kisha ampelekee barua mkubwa wake wa zamani kumwonyesha kwamba kazi ile inaweza kufanywa hata na watu wasio na sanduku.

Wiki ya kwanza tulimletea mistari mingi ajabu. Siku ya kwanza alifurahi, ya pili akakuna kichwa, ya tatu akatazama daftari kwa huzuni. "Ni nzuri mno," alisema. "Ikiwa nzuri hivi, kuna mtu ndani yake." Kesho yake akaja na mkeka wa mkewe, akautundika katikati yetu. Mistari ikaisha karibu yote. Akatusimamisha. Kaka yangu, ambaye hakujua kusema uongo akiwa amesimama, akakiri palepale: "Mwalimu, huyu ni mdogo wangu. Akiinua mkono halafu mimi nimekaa tu, inakuwa kama simuungi mkono."

Tulisubiri fimbo. Mwalimu aliketi juu ya dawati akacheka mpaka akavua miwani. "Ulaya nilipambana na unyevu," alisema, "nikapambana na joto, nikapambana na umeme unaopanda na kushuka. Undugu sijawahi kupambana nao." Kisha, ili tusirudie, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA KUSAIDIANA.

Kosa lake ni kwamba ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi darasa lile lilikuwa na mkutano wa kijiji. Katibu wa chama aliingia, akaketi, akainua macho. "Mwarimu," alisema taratibu, "nani kaandika haya?"

"Mimi."

"Katika kijiji cha ujamaa?"

Mtu mwingine angefuta ubao akaomba radhi. Yeye akaeleza. Alieleza elektroni, akaeleza mrija, akaeleza mkeka, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Mwishoni akawaomba katibu na mwenyekiti wajaribu wenyewe. Wakawekwa kila mmoja upande wake wa mkeka, kisikizio sikioni, mkutano mzima umekaa kimya. Sasa fikirieni. Katibu hakutaka ionekane kwamba mwenyekiti anasikia kitu ambacho yeye hasikii, na mwenyekiti vilevile. Wote wawili waliinua mikono na hawakuishusha. Mwalimu akatangaza kwamba kwa mujibu wa viongozi wetu chembe zinashuka bila kupumzika. Katibu akaridhika, akasema kitu kipo, kazi iendelee, ila ubao ufutwe.

Mtu akisema alikuwa mtu wa akili tupu asiye na moyo, atakuwa hakumjua. Alikuwa fundi wa umeme aliyeogopa radi, ikipiga anajifunika blanketi na mkewe anamhesabia sekunde kati ya umeme na ngurumo. Betri zake alizianika juani kila mchana juu ya paa la choo ili zipate nguvu, na akizigeuza alizisemesha. Kanisani alisali kwa bidii, tena kwa sauti mbaya, na nilipomwuliza inakuwaje mtu anayetaka ushahidi wa kila kitu anaamini Injili, alinijibu bila kufikiri: "Wapo wanne, na hawakubaliani kila mahali. Wangekubaliana kila mahali ningeutafuta mkeka."

Vita ilipoanza, redio ya duka la kijiji ilikuwa haina betri, na betri hazikupatikana popote, si kwetu wala Ngara mjini. Watu walikuwa wanakusanyika pale dukani wakiitazama redio kama mgonjwa. Mwalimu alikuwa amebakiza kiangazi kimoja tu kukamilisha hesabu yake. Alitutazama, mimi na mwanafunzi aliyechukua nafasi ya kaka, tulivyoweka visikizio sikioni, akasema tuviweke chini. Akazitoa betri moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye kitambaa, akazipeleka dukani mwenyewe. "Chembe zitaendelea kushuka," alisema aliporudi. "Hazina haraka." Sikuwahi kumwona akihesabu tena. Barua ya Ulaya haikuandikwa.

Kaka wakati huo alikuwa kijana tayari, mwenye kifua, mwenye kelele. Alikuja kipindi chetu cha mwisho cha kuhesabu kwa ajili ya kunifanyia mzaha tu, na wiki chache baadaye alipanda lori pamoja na mgambo wenzake. Redio ile ilitusomea vita yote mpaka mwisho. Jina lake haikulitaja.

Ndipo Mama alipoanza kwenda kwa Mwalimu. Alikwenda na mkungu wa ndizi kichwani, akautua, akasalimia, akauliza. "Mwalimu, mwanangu yuko hai?"

"Sijui, mama."

"Amekufa?"

"Sijui."

Alirudi nyumbani akiwa ametulia kuliko alivyoondoka. Mimi sikuelewa. Aliniambia, "Hao wengine wote wananipa maneno matamu, nikifika kwenye mgomba wa kwanza yameshaisha. Huyu ananipa kidogo, lakini kinafika nyumbani." Mara moja Mwalimu alijaribu kumfariji kwa hadithi yake ya wageni wawili, kwamba wapo wanaopita kwenye nyasi bila kuacha nyayo na hata hivyo wanafika. Mama akamsikiliza hadi mwisho, akasema, "Mwalimu, mwanangu hakuwa mtu wa nyasi. Akipita mahali hata kuku walijua." Mwalimu akakubali kwamba hilo ni kweli.

Ikapita hivyo miaka tisa. Mimi nikasomea uuguzi, nikapangiwa zahanati huko Runazi, wilaya ya Biharamulo, na nikawa narudi nyumbani mara moja kwa mwaka, mwisho wa Oktoba, kwa ajili ya karatasi za Mama. Mwaka wa tisa Mama alikuwa na miguu iliyovimba, hakuweza kupanda kilima hadi kwa Mwalimu. Akanituma mimi.

Nilimkuta amestaafu, amekaa mbele ya nyumba akichambua kahawa iliyoanikwa. Alikuwa amekonda, na miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeondoka kwenu saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Kamili?"

Tulicheka. Mkewe akaniletea uji. Tukazungumza habari za wagonjwa wangu na za kahawa. Mwishowe nikasema, kama kumaliza wajibu, kwamba Mama amenituma kuuliza lile swali lake. Nilishajua jibu, nilikuwa hata nimeinua kikombe kumalizia uji. Lakini Mwalimu hakusema hajui. Aliweka ungo chini.

"Ninaye mmoja," alisema.

Sikumwelewa. Akaingia ndani, akatoka na daftari la shule lililokunjika kona, akaliweka mapajani bila kulifungua. Alisema kwamba mwaka uliofuata vita alipita muuza samaki wakavu kwa baiskeli, akapumzika pale kwake, akasema alikuwa mgambo, na katika kusimulia akamtaja kijana wa Kanazi mwenye kelele. Akaeleza jinsi alivyokufa. Mwalimu aliandika siku ileile.

"Mwaka uliofuata vita," nilisema.

"Ndiyo."

"Na Mama amepanda kilima hiki miaka yote akakuuliza, ukamwambia hujui."

"Sikujua. Nilikuwa nimesikia. Alikuwa mtu mmoja, amechoka, amekunywa pombe ya ndizi. Angeweza kuchanganya kijana huyu na yule. Nimwambie mama mtu mwanao amekufa, kisha mwanawe aje mlangoni?"

Nilisimama. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia mtu mzima. Nilimwambia yeye si mtu, ni mizani. Mkewe alitoka jikoni akasimama, hakunikataza. Mwalimu alikaa na daftari lake mapajani mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Alisema walikuwa wawili waliomshika alipoanguka," akasema. "Yule mwingine hakumjua, walikutanishwa siku ileile. Ila alikuwa Msukuma, na baadaye siku hiyo alipigwa risasi ya mguu. Huyo ndiye niliyekuwa namsubiri. Hakuja."

Nikakaa chini. Miaka miwili kabla, kule Runazi, nilimfunga kidonda mzee mmoja Msukuma ambaye mguu wake ulikuwa ukifunguka kila masika. Aliponiuliza kwetu ni wapi nikamwambia Kanazi, akasema aliwahi kumshika kijana wa Kanazi vitani. Alinieleza yote nikiwa nimeshika bandeji. Nilimfunga, nikamwambia arudi Alhamisi, na sikumwambia mtu yeyote duniani.

Nilimweleza Mwalimu hivyo. Nikaongeza kwamba nilikuwa nasubiri wa pili, kama alivyotufundisha. Alinitazama, na nikaona aibu, kwa sababu haikuwa kweli. Sikuwa nasubiri mtu. Niliogopa uso wa mama yangu, basi.

"Usiniambie alichosema," Mwalimu alisema. "Andika." Akanipa kalamu na karatasi, akanigeuzia mgongo akatazama migomba. Niliandika. Nilipomaliza alifungua daftari lake akaliweka kando ya karatasi yangu, akasoma mstari wake, akasoma wangu, kwa kidole, pole pole. Mteremko baada ya mto. Mchana, kabla ya chakula. Sufuria kubwa mgongoni, ambalo wenzake walikataa kulibeba. Aliomba maji, akapewa, akasema ni ya moto. Mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mwalimu alivua miwani.

"Ni yeye," alisema.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililoniondolea hasira. "Nimekosea, binti. Kule Ulaya ukisubiri, kinachosubiri ni karatasi. Hapa aliyekuwa anasubiri ni mtu, na nilimwacha asubiri kama karatasi."

Nikamwambia tumekosea wote wawili. Akachukua fimbo yake ya kutembelea, tukateremka pamoja.

Mama alikuwa uani anapukuchua maharage. Alitutazama tukiingia, hakusimama. Mwalimu aliomba aseme yeye. Alisema yote, mteremko, mchana, sufuria, maji, hakuficha na hakupamba. Alisema pia kwamba nusu ya habari alikuwa nayo tangu zamani, na kwamba anaomba msamaha. Mama aliendelea kupukuchua mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanashuka lakini mikono haikusimama.

"Nani amekwambia?"

"Watu wawili, mama, mmoja muuza samaki, mmoja mgonjwa wa binti yako. Hawajuani. Kila mmoja amesema kwa wakati wake na mahali pake."

"Na hao wawili walikuwa wapi?"

"Mmoja amemshika kichwa. Mmoja amemshika miguu."

Mikono ikasimama. "Wawili?"

"Wawili."

"Kwa hiyo mwanangu hakufa peke yake," Mama alisema.

Miaka yote Mwalimu alikuwa akiwataka wale wawili ili apate hakika, na mimi niliwatumia kama kisingizio. Hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba walikuwa watu wawili wamepiga magoti kando ya kaka yangu.

Mama aliniagiza karatasi. Nilizileta zote mbili. "Mwandike kwa marehemu," alisema, nikaandika jina la kaka, na ilinichukua muda kwa sababu sikuwa naona vizuri. Nilipotaka kuikunja akanizuia.

"Na hao wawili, waandike kwa wazima. Huyo mgonjwa wako anaitwa nani?"

Nilimjua, nikaandika. Nikamgeukia Mwalimu anipe jina la muuza samaki. Alifungua daftari lake. Akageuza ukurasa, akaurudisha, akageuza tena. Alikuwa ameandika siku, saa na dakika zake za kuongeza na kupunguza, hali ya hewa, aina ya baiskeli na mizigo iliyokuwa juu yake.

"Hukumwuliza jina?" Mama alisema.

Aliinamisha kichwa kama mtoto wa darasa la tano. "Sikumwuliza, mama."

Mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie uso wake ukalegea, karibu atabasamu. Akavuta ungo wake wa maharage karibu.

"Basi andika muuza samaki," aliniambia. "Mungu anamjua."